Hakimu Hali Nusu

Tarehe 6 Mei

Dada,

Shikamoo. Mwili unaendeleaje na baridi ya huko kambini? Kikohozi kimekuachia? Sisi huku tunapumua. Baba anakusalimu, yuko mlangoni hapa, ananiambia andika vizuri wewe, dada yako anapikia wakata mbao siku nzima, usimchoshe macho.

Keki ya ndizi ya shindano lako tumeipika Jumapili. Nilifanya kama ulivyosema, mchanga chini ya sufuria, makaa juu ya mfuniko, nikakaa mbele yake kama nalinda mtoto mchanga. Upande mmoja uliungua, ule unaopigwa na upepo. Mama Cherehani naye akaja na yake kutoka nyumba ya pili, imevimba kama mto wa kulalia, kaifunika na kitambaa alichokishona mwenyewe. Nikasema moyoni, leo nimekwisha.

Baba alikaa barazani kwenye kigoda chake cha kushonea viatu. Tukampa vipande viwili vya kuonja. Akatuangalia. "Hivi mmemkatia panya?" Mama Cherehani akamwambia, "Mzee, hakimu kazi yake kuonja." Baba akasema, "Hakimu hali nusu. Ukila nusu umehukumu nusu." Akamaliza sahani yangu, akamaliza na ya Mama Cherehani, ndipo akachukua nyundo ya viatu. Katunga sheria huyo. Akigonga mara moja umeanguka, mbili umejitahidi, tatu umeshinda. Mama Cherehani kapata tatu. Mimi mbili.

Sikuumia, dada. Wewe hukumwona tangu mama afariki. Alikuwa anakoroga chakula tu kisha anasukuma sahani. Jumapili alicheka mpaka mteja aliyekuja kuchukua viatu akauliza kuna harusi gani. Shindano lako limemrudisha.

Maji tu ndiyo anakunywa sana. Jagi zima baada ya keki, halafu akaomba jingine. Nadhani ni utamu.

Tuma maswali mengine ya kupika. Barua yako nikishamsomea anaikunja anatia mfukoni, anatembea nayo wiki nzima. Anasema heri huko kwenu hakuna mtandao, simu ukishaikata inakuwa kama hukuongea.

Mdogo wako,
Kimya


Tarehe 17 Mei

Mdogo wangu Kimya,

Marahaba. Hujambo wewe? Baba hajambo? Kikohozi kimeniachia, sasa kimehamia kwa msimamizi, na aliyemroga simjui.

Nimecheka mpaka nikamwaga uji. Hakimu hali nusu! Huyo ndiye baba yangu ninayemjua. Nimewasomea wakata mbao wangu, sasa na wao wameiga. Jumapili nikipika swali lilelile mnalopika nyinyi, wanagonga meza kwa vishoka. Juzi wamenigongea mbili. Nikawaambia kesho mtakula ugali na chumvi.

Lile la kuungua upande mmoja, zungusha sufuria katikati ya kuiva, usiogope, keki si bomu. Maswali ya Jumapili zinazokuja nimekuandikia nyuma ya karatasi. Kwanza kastadi, halafu pudini ya mkate, halafu biskuti za karanga. Kipara wa lori anakuletea pia maziwa mazito ya kopo. Usiyalambe njiani kutoka kwenye lori mpaka nyumbani, nakujua.

Baba msomee hapa: Baba, shikamoo. Kula ushibe. Nimeomba likizo mwezi wa nane. Nitakuja na keki ya tabaka tatu, hiyo ndiyo fainali, na mimi mwenyewe nitakuwa mshindani. Uandae nyundo.

Maji anywe. Maji hayajawahi kumdhuru mtu.

Dada yako


Tarehe 2 Juni

Dada,

Shikamoo. Habari za huko, habari za wakata mbao wako? Huku wazima, ila niendelee kukueleza.

Baba nilipomsomea habari za tabaka tatu alisema, "Rudia." Nikarudia. Akamwambia kila mteja. Hata aliyeleta ndala moja kushonwa kamwambia.

Kastadi nilishinda. Mara tatu! Mama Cherehani akasema amehongwa huyu hakimu. Pudini kashinda yeye. Kati ya Jumapili na Jumapili baba sasa ananiuliza, "Hujajaribu jaribu?" Basi nafanya za majaribio, Jumatano, na Ijumaa kidogo. Anamaliza zote.

Lakini anakonda, dada. Sielewi. Mtu anakula hivyo halafu anakonda. Mkanda wake kautoboa tundu jipya, juzi kautoboa tena. Anajipiga tumbo, anasema, "Kiuno cha ujana kimerudi." Na usingizi hana, anatoka nje kukojoa, anarudi, anatoka.

Kuna kitu kingine, naona aibu kukiandika. Pale nyuma ya choo, ukutani, kuna sisimizi. Wamejipanga mstari mpaka pale anapokojoa baba. Pale ninapokojoa mimi hawaendi.

Mama Cherehani aliwaona alipokuja kuomba ufagio. Alisimama akiwatazama, ufagio akausahau. Jumapili iliyofuata alileta biskuti chache sana kwenye kisahani, baba akamwambia, "Umeishiwa unga?" Akajibu, "Nimeishiwa moyo, mzee." Alipokuwa anaondoka akanivuta pembeni. Akasema mume wake alianza hivihivi, na yeye akawa anamkorogea chai ya sukari kwa upendo mpaka siku ya mwisho. Mpeleke zahanati wakampime, akaniambia.

Nilimwambia baba. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema. Akasema zahanati wanakwenda wagonjwa.

Wewe unaonaje?

Mdogo wako,
Kimya


Tarehe 13 Juni

Kimya,

Hujambo mdogo wangu? Mikono yangu imekufa ganzi kwa kukanda, lakini nimesema nikujibu haraka, Kipara anageuza leo.

Sisimizi wanafuata makombo yako. Fagia. Wewe tangu mdogo ukila biskuti nyumba nzima inajua. Na kukonda, mtu aliyefiwa anakonda, hata mimi nimekonda. Mama Cherehani mwangalie kwa macho mawili. Mjane, jirani, keki yake inashindwa na ya mvulana, leo ghafla kawa daktari?

Nakuomba kitu kimoja. Usimtie baba hofu. Mwaka jana mlikuwa mnaniandikia kwamba hali, haongei, analala na kanga ya mama. Sasa anakula na anacheka, wewe unatafuta mbaya. Mimi niko mbali, dawa niliyo nayo ya kumpa ni hii tu. Usininyang'anye.

Swali linalofuata ni sukari ya kuunguza. Unaiyeyusha mpaka iwe rangi ya chai kavu, unamimina juu ya kastadi. Angalia isikuunguze vidole. Nimetuma na sukari yenyewe, nyingi, usibane.

Dada yako


Tarehe 24 Juni

Dada,

Shikamoo. Upo salama? Karatasi hii baba hajui kama nimeiandika. Ya kwake ni ile nyingine, ya salamu. Hii nijibu pembeni, karatasi yake peke yake, tafadhali. Usiichanganye na yake.

Nilifagia. Nilimwaga na maji ya moto. Walirudi.

Jana baba alirudi kutoka kupeleka viatu kwa mteja. Mimi nilikuwa nakoroga kastadi. Nikaona sakafuni kila alipokanyaga pana doa, kama mtu anagonga muhuri. Nikamwambia, "Baba, mguu." Akasema, "Mguu umefanyaje?" Akakaa, akavua kiatu. Dada, msumari mdogo wa soli, ile misumari yake mwenyewe, umetoboa soli umeingia unyayoni wote, kimebaki kichwa. Alikwenda nao na kurudi nao. Akauvuta kwa koleo. Hata "ai" hakusema. Akaushika mguu akaugeuza huku na huku kama kiatu cha mteja. "Mguu mzuri huu," akasema, "haulalamiki."

Halafu akaniuliza kama kastadi imeganda.

Mtu anayeshona viatu maisha yake yote akaacha kusikia msumari? Mimi sijasoma, niliishia darasa la nne unajua, lakini hilo silo jambo la makombo.

Nimejaribu kumkataza, maneno hayatoki. Akinyoosha mkono na sahani naweka. Wewe anakusikia. Ukisema wewe acha, ataacha. Ukisema nenda ukapimwe, atakwenda na kofia yake ya sikukuu. Mwandikie hivyo. Sema umeota, sema chochote. Usiseme ni mimi.

Mama Cherehani haji tena Jumapili. Baba anasema amekimbia mpira.

Nisaidie dada.

Mdogo wako,
Kimya


Tarehe 5 Julai

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua ya leo ni yako, Kimya akusomee yote, asiruke mstari. Habari ya afya? Hapa nipo, napiga kazi, wakata mbao wanazidi kunenepa na msimamizi anasema miti sasa inaanguka kwa uvivu.

Baba, nikuchekeshe. Una habari mwanao amechoka na shindano? Ananiandikia karatasi za siri. Anasema wewe mgonjwa. Anasema sisimizi wanakufuata chooni na mguu wako umekufa, ati nikuandikie nimeota. Nimeota nini mimi, nalala kama gogo! Nikasema huyu kachoka kukoroga, anatafuta njia ya kupumzika. Mpe moja ya nyundo kwa uvivu huo.

Lakini kweli baba, kama mguu una kidonda, weka dawa, funga kitambaa safi. Na ukipita karibu na zahanati ingia tu wakuone, kumridhisha mtoto. Si lazima.

Kimya, usinune. Mambo ya mafichoni yanaoza. Mimi napenda yasemwe mezani watu wacheke yaishe.

Likizo imekubaliwa.

Binti yako, dada yako


Tarehe 19 Julai

Dada,

Shikamoo.

Unajua ninavyosoma. Nasoma kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, naliona lile jiwe nililokanyaga tu. Neno nikilielewa limeshatoka mdomoni. Baba alikuwa kwenye kigoda, kafunga macho ili asikie vizuri. Nikasoma, "ananiandikia karatasi za siri." Nikasoma, "anasema wewe mgonjwa." Nilikuwa bado nashangaa ni nani huyo anayesemwa, na sauti ni yangu. Nilipofika kwenye sisimizi nikanyamaza. Akasema, bila kufungua macho, "Asiruke mstari." Nikasoma mpaka mwisho.

Hakupiga kelele. Aliichukua barua akaikunja. Akasema, "Kumbe unanichungulia chooni."

Tangu siku hiyo haniiti kwa jina. Akitaka maji anagonga nyundo. Mguu haniachii niuone tena, analala na soksi. Soksi hizo anazifua mwenyewe, na baba hajawahi kufua kitu tangu nimezaliwa. Chumba chake kina harufu. Nimefungua dirisha, kalifunga.

Jumapili nilipika keki ya chungwa bila sukari. Nikasema liwalo na liwe. Alikula tonge moja. Kwa mara ya kwanza aliacha nusu, dada, yeye mwenyewe. Akagonga mara moja. Akasema, "Nimekukosea nini mpaka unanipikia chakula cha matanga?" Akachukua fimbo, akaenda mpaka dukani, anavuta mguu. Aliporudi alikuwa na soda mbili na yale maziwa ya kopo, akayala kwa kijiko amenipa mgongo.

Umesema yasemwe mezani watu wacheke yaishe. Wewe ulicheka huko. Hapa hakuna aliyecheka. Msiba wa mama hukuja, tukasema njia mbaya, mvua. Huu sasa unaupika kwa mkono wako kutoka mbali halafu unanituma mimi kuupakua.

Nimeandika vibaya. Siwezi kuandika upya, Kipara anapiga honi.

Kimya


Tarehe 30 Julai

Kimya,

Nakusalimu. Sitaki kuficha, barua yako ilinilaza na njaa. Maneno ya msiba wa mama hukupaswa kunitupia. Lori lilikwama, nililala njiani, nikasikia mmeshazika nikageuza, hilo Mungu analijua. Nimelia, nimemaliza.

Sasa sikiliza. Nilimuuliza Kipara. Nikamwambia niambie ukweli, wewe humwona baba kila safari. Akasema alimkuta barazani, kavaa kofia, anapiga soli. Hakuinuka kumsalimia lakini alicheka, akamwambia, "Mwambie binti yangu nangoja tabaka tatu. Mwambie hakimu mzima." Hayo ni maneno yake mwenyewe, Kimya. Nimsadiki nani?

Basi nakuja kuona kwa macho yangu. Naondoka hapa tarehe 14 na Kipara. Keki naanza kuiandaa wiki hiyo, maziwa na siagi nimeagiza, wakata mbao wamenitengenezea sanduku la mbao la kuibebea isitikisike. Tabaka moja la baba, moja lako, moja langu. Nilitaka kuweka na la mama, mikono ikakataa.

Tukae mezani sisi watatu, tule, halafu kama kuna la zahanati tutakwenda wote. Hayo mengine baba atakusamehe akishiba. Mpaka hapo usimpikie vile visivyo na sukari, unamuumiza.

Salamu kwa Mama Cherehani. Nilimsema vibaya, lakini bado simwelewi.

Dada yako


Tarehe 9 Agosti

Dada,

Shikamoo. Hii usiisome umesimama.

Tuko hospitali kubwa. Jumanne asubuhi baba hakugonga nyundo. Nikangoja. Nikasukuma mlango, nikamkuta kakaa kitandani kavaa kiatu kimoja, anaongea na mama. Anamwambia asogee, mguu wake unachukua nafasi. Mwili unawaka moto. Nilikimbia kwa Mama Cherehani, akaacha nguo ya mtu kwenye sindano, akatafuta mkokoteni, tukamlaza juu ya magunia, mimi nasukuma, yeye ameshika kichwa. Mimi ndiye niliyevua soksi. Sitakuandikia nilichokiona. Vidole vimekuwa rangi ya makaa yaliyozimika.

Walimtoboa kidole, damu wakaiweka kwenye kimashine. Kimashine kikashindwa kusoma. Daktari ni mama mmoja mnene, mpole, akasema kikifanya hivyo maana yake sukari imepita pale kinapoishia. Akaniuliza alikuwa anakula nini. Nikamwambia shindano. Akauliza shindano gani. Nikaeleza mpaka nikaona haandiki tena, ananiangalia tu.

Wamemwekea maji na dawa, akili imerudi. Lakini mguu wanataka kuukata, chini ya goti, mara moja. Daktari kasema ukingoja unapanda, na ukipanda sana hatakuwa na pa kukata.

Baba amekataa. Si kwa hasira. Kakaa pale kama anamkatalia mteja bei. Akamwambia daktari, "Mama, mimi nimeahidiana na binti yangu. Anakuja na keki ya tabaka tatu. Nitaihukumu, siku ya pili mtakata mnachotaka." Daktari akasema, "Mzee, tarehe ngapi hiyo?" Baba akanigeukia mimi. Kaniita jina langu, mara ya kwanza tangu ile barua. "Kimya, dada yako anaondoka lini?" Nikasema tarehe 14. Daktari akatikisa kichwa, akanivuta nje. Akaniambia, "Wewe ni mwanawe, ingia umwambie hapana."

Niliingia. Nilisimama pale. Baba akaniangalia, macho yake yamekuwa madogo, akatabasamu. "Usinune," akasema. "Tumekosana, tumemaliza. Mwandikie dada yako asisahau kuja nayo." Nikasema sawa baba. Ndivyo nilivyosema, dada. Sawa baba. Yuko hapa ananitazama naandika, na anadhani barua hii ndiyo hiyo.

Mama Cherehani amejaribu. Kambembeleza, kamgombeza, kampigia magoti mbele ya wagonjwa wote. Baba kamwambia, "Jirani, wewe huna wivu wa keki, una wivu wa binti yangu." Akaenda kulia koridoni.

Kwa hiyo usingoje tarehe 14. Kipara nimempata sokoni, amekubali kugeuza leo hii ingawa mzigo haujajaa. Barua hii ukiipokea panda lori hilohilo, na nguo uliyovaa. Siagi na maziwa viache. Kama umeshapika hata tabaka moja, wape wakata mbao wako, lisivuke geti la hospitali. Najua mtu haji kumwona mgonjwa bila kitu, watu watakutazama mikononi, na baba atakutazama wa kwanza. Wewe fika hivyohivyo. Akiuliza iko wapi usicheke, usimwambie iko njiani. Iko njiani ataingoja. Mwambie hakuna, na haitakuwepo, akubali wakate. Mimi neno hilo nimelijaribu tangu asubuhi na halitoki. Wewe ndiye pekee ambaye akisema hapana, baba anaona aibu kubisha.

Nilikuandikia maneno makali mwezi uliopita. Sasa sina hata hayo. Nina wewe tu.

Daktari amepita tena. Kila akipita anachora mstari kwa kalamu ya bluu kwenye mguu, pale wekundu ulipofika. Mstari wa asubuhi uko juu ya kifundo. Huu aliouchora sasa hivi, baba ameufunika na shuka nisiuone, lakini nimeuona.

Njoo mikono mitupu.

Mdogo wako